Masika na Sare ya Msaada

Kosa nitakalolieleza hapa ni huruma isiyouliza. Ukatili una wahubiri wake, wizi una mahakama zake. Mimi nazungumzia ule wema wenye pupa unaomkuta mtu ameanguka, ukamwinua kwa kumshika shingo, kisha ukashangaa kwa nini hapumui. Niliuona kazini, Butembo na Beni, katika miaka ya vita. Ninyi vijana mliorithi meza yangu mna mioyo myepesi ya kusaidia, na hilo ni jema. Ndiyo maana nimeona niwaandikie kabla mgongo wangu, ulioharibiwa na barabara ya Lubero na kunistaafisha mapema, haujanikataza hata kukaa kitini.

Juu ya vyeo sitaandika kitu. Juu ya mshahara nitasema tu kwamba katika miaka ile ulikuwa habari ya kusikia zaidi kuliko ya kuona.

Siku yangu ya kwanza nilifika kituoni, kule Vulamba, mtaa wa Butembo, nimevaa viatu vipya na kubeba diploma yangu ndani ya bahasha, kana kwamba kuna mtu angeiomba. Kazi ya kituo ilikuwa kuwasaidia wanawake na vijana kuanza biashara ndogo na kuzisimamisha. Aliyenipokea alikuwa Mama Kyakimwa, mkuu wa sehemu ya wanawake: mfupi, mke wa mchungaji, aliyeuza chumvi ujanani mwake, na ambaye macho yake yalipima kila kitu kama mizani. Hakuitazama bahasha. Alitazama viatu.

"Tunaenda ku soko," alisema. "Utabaki nyuma yangu. Kinywa uiache hapa ku bureau."

"Na wakiniuliza kitu, Mama?"

"Useme uko bubu. Batakuhurumia. Utaona vile inaumaka."

Nilidhani ni mzaha. Tulizunguka soko asubuhi nzima, na sikumsikia hata mara moja akimuuliza mwanamke shida yake. Aliuliza maharage yametoka wapi, nani aliyeyaleta, kwa nini kitunguu kimekuwa kidogo mwezi ule. Kila aliyezungumza naye kwa muda mrefu, alinunua kwake kitu. Tulipokuwa tukirudi, huku nimebeba ununuzi wake wote, alinieleza kwamba mfanyabiashara aliyesimama nyuma ya bidhaa zake haji kwetu kama mgonjwa. Na ukimzoeza kukuonyesha vidonda, atasahau kukuonyesha bidhaa. Nimesoma vitabu vingi tangu siku ile, vingine vinene sana. Sijaona kilicholisema jambo hilo vizuri zaidi.

Chombo chake cha kazi kilikuwa kifuniko cha mkebe wa maziwa. Alikibeba mfukoni daima. Akiletewa mafuta ya mawese, alikipasha moto juu ya makaa, akadondosha tone moja, akatega sikio. Mafuta yenye maji hupiga kelele juu ya bati la moto. Mafuta safi hukaa kimya. Wanawake waliochanganya maji walimwogopa kuliko polisi, na kwa haki, maana polisi walinyamazishwa kwa bidoni moja, dumu la mafuta, naye hakunyamazishwa kwa kitu.

Kwake nilijifunza pia desturi ya magunia, ambayo nawasihi msiiache. Mwanamke anayeuza maharage ana watoto, na watoto wana njaa. Gunia la biashara likikaa jikoni mwake, litapikwa. Mama Kyakimwa hakuwahubiria wanawake juu ya nidhamu. Aliwaambia kila mmoja aweke gunia lake la biashara nyumbani kwa jirani, na la jirani alitunze yeye. Ni rahisi kufungua gunia lako mwenyewe. Ni vigumu kwenda kugonga mlango wa mwenzako na kumweleza kwamba umekuja kula mtaji. Biashara nyingi ziliokolewa na haya hiyo ndogo.

Kisha vita. Vile vya kwanza vilipita kwetu vikielekea kwingine. Vya pili vilikaa; vilifungua ofisi, vikachonga mihuri, vikaweka vizuizi kati ya Butembo na Beni hata mtu akachoka kufungua na kufunga mizigo yake. Vijiji vya barabara ya Oicha vilianza kumiminika Beni. Kituo kikanituma huko kufuatilia wanawake waliokimbia, na hapo ndipo nilipokutana na Masika.

Alitoka Mbau, kijiji cha barabara hiyo, ambako alikuwa na mashine ya kukamulia mafuta. Wengine walikimbia na magodoro na kuku. Yeye alifungua parafujo kubwa ya mashine ile, chuma kizito chenye meno yanayozunguka, akakifunga kwa kitenge mgongoni kama mtoto mchanga, akatembea. Bila parafujo, mashine iliyobaki Mbau ilikuwa sanduku la chuma tu. Ambaye angeiteka asingekamua hata tone. Kwenye kizuizi askari alimsimamisha. Masika alinisimulia mwenyewe, bila kucheka, huku sisi wengine tukishika mbavu.

"Mama, mutoto gani iko na uzito hivi?"

"Baba yake alikuwa muzito, afande."

"Na mbona halii?"

"Aliona bunduki yenu. Ananyamaza."

Askari alicheka, akampisha.

Pale Beni alipata nafasi katika ua wa shangazi yake. Pembeni mwa mji kulikuwa na mashamba ya michikichi ambayo wenyewe waliogopa kuyaendea, nao walikubali avune kwa kugawana. Akakusanya vijana, wasichana kwa wavulana, wote wakimbizi kama yeye. Kituo kikampa kiunzi cha chuma cha kusimamishia parafujo yake. Kwa mara ya kwanza tangu wafike Beni, vijana wale walikuwa na kazi ya mchana na chakula cha jioni. Msidharau jambo hilo. Kambi za wenye bunduki zilikuwa karibu, nazo pia ziliahidi chakula cha jioni.

Mama Kyakimwa alikuja kutoka Butembo kuonja mafuta hayo. Alipasha kifuniko, akadondosha, akatega sikio. Kimya. Akadondosha tena, maana hakuwa mtu wa kuamini upesi. Kimya.

"Haya mafuta iko na heshima," alisema, nami nikajua kwamba Masika amepewa sifa kubwa kuliko zote nilizowahi kuzisikia kinywani mwa mama yule.

Kilichobaki kilikuwa kuyafikisha mafuta Butembo, kwenye depo, yaani maghala ya wanaowauzia watengeneza sabuni. Hapa lazima nieleze desturi ya mji wetu, kwa sababu wageni huikosea. Katika depo za Butembo, bidhaa hutoka na kuingia kwa neno. Mwenye depo hupokea mzigo wako, au hukuachia mzigo wake, bila karatasi, kwa sababu anakujua; na kama hakujui, lazima aje mfanyabiashara anayemjua, akushike mkono mbele ya watu waliomo ndani ya depo, na aseme jina lake mwenyewe, kamili, kwa sauti. Jina lako halitajwi. Ukiharibu, ni jina lake yeye litakalopungua. Kwa mkono wa namna hiyo mji huu ulijengwa na kupata maduka, wakati serikali ilikuwa mbali na benki zilikuwa mbali zaidi.

Basi, katika miezi hiyohiyo, kikaja kitenge cha buluu.

Mkuu wa mradi wetu pale kituoni alikuwa Monsieur Kakule. Nisimwonee: alikuwa mtu mwaminifu, mwenye kulia mikutanoni, na machozi yake yalikuwa ya kweli. Wafadhili walimpa kitenge kizuri chenye alama ya mradi na maneno ya kuwahurumia wakimbizi, naye akaagiza kila mwanamke anayesaidiwa akivae sokoni. Wanawake walifurahi. Kwetu kila kundi la akina mama kanisani lina kitenge chake, na kuvaa sawa ni kujulikana kuwa una wenzako. Hakuna aliyedhani kuna ubaya. Walishona, wakapendeza, wakaimba.

Wa kwanza kuonja uchungu alikuwa Kavira, mwanamke wa Kayna aliyeuza maharage Butembo na kurudi kwao na chumvi. Alikuwa akichukua chumvi kwa neno tangu kabla ya vita. Siku hiyo aliingia depo amevaa buluu. Karani alimtazama toka kichwani hadi miguuni.

"Mama, chumvi iko. Lakini weye sasa uko mama wa musaada. Kule banakupeaka bure. Kwetu unatafuta nini?"

"Si unanijua? Ni mimi Kavira."

"Nilikuwa ninakujua. Mutu wa musaada akipoteza mali, atasema ni vita. Pole, Mama. Uende ku projet."

Kavira alikuja kituoni, akavua kitenge hicho kilichokuwa juu ya gauni lake, akakikunja vizuri kwenye pembe zake, akakiweka juu ya meza ya Monsieur Kakule. Mkuu wetu alisema kwamba tatizo ni uelewa wa wenye depo, na kwamba ataandaa semina ya kuwaelimisha.

"Utafundisha mutu wa chumvi kuhurumia?" aliuliza Mama Kyakimwa. "Yeye hapana kuuzisha huruma. Anauzisha chumvi."

"Mama, hawa ni victimes, wahanga wa vita. Watu wajue."

"Bon. Watu bamejua. Sasa bakule nini?"

Amri ilibaki. Tena ilikazwa, kwa sababu wageni wa wafadhili walitarajiwa, na picha zilihitajika.

Ndivyo Monsieur Kakule alivyofika Beni na mpiga picha, kwenye ua wa shangazi yake Masika, siku ambayo vijana walikuwa wamerundika ngazi, matunda ya michikichi, zilizovunwa, nyekundu, tayari kuchemshwa. Mnaojua mawese mnajua kwamba ngazi hazingoji. Zikikaa, mafuta yake huwa machungu, na depo haiyataki hata kwa undugu. Masika alitoka nyuma ya moshi, amevaa gauni lake la kazi lenye madoa.

"Madame Masika," mkuu alianza kwa upole, "mafundisho umefuata, kiunzi umepata. Kitenge hauvai. Kwa nini?"

"Chef, ile kitenge ni muzuri sana. Nilishonea mutoto wa dada yangu."

Vijana wakacheka. Mpiga picha akacheka pia, kisha akaacha.

"Na weye mwenyewe?"

"Mimi ninataka kuingiza mafuta ku depo ya Butembo. Nikivaa ile, batanipa pole. Pole haiingii mu bidoni."

"Mais Madame, weye ni déplacée, mkimbizi. Hakuna haya ndani yake. Si kosa lako."

Nilikuwa nimesimama kando ya Masika, na niliona mikono yake ikijifuta kwenye gauni polepole, kidole kwa kidole.

"Chef, kule Mbau nilikuwa na jina. Camion, lori ya wanunuzi, ilikuwa inasimama kwangu, inapita wengine. Basoda na bunduki zao bamebeba mbuzi. Bamebeba mabati. Bamebeba mpaka mulango. Jina hawakuiona, njo nikakimbia nayo. Sasa weye, mutu wa Mungu, njo unataka kuibeba?"

Monsieur Kakule alimwashiria mpiga picha ashushe kamera. Nadhani aliguswa, alikuwa mtu wa kuguswa. Lakini wageni walikuwa njiani, na kanuni aliiandika yeye mwenyewe. Alisema kwamba asiyevaa si mshiriki wa mradi, na asiye mshiriki hawezi kubaki na vifaa. Kiunzi kingerudi Butembo na gari lilelile.

Masika hakupandisha sauti. Aliomba spana. Alifungua parafujo yake, akaipangusa mafuta, akaifunga kwa kitenge cha zamani, akaibeba mgongoni mbele ya sisi sote.

"Kiunzi ni yenu. Asante ya kutukopesha. Hii ni yangu."

Gari liliondoka na kiunzi. Lilibaki lundo la ngazi, na vijana wamekaa kulizunguka wakiwa hawana la kufanya. Msichana mmoja aliuliza kama kesho warudi. Masika alimwambia: "Murudi." Hakuwa na sababu yoyote ya kusema hivyo. Kama ngazi zile zingeharibika, wenye mashamba wasingempa tena. Na vijana, sote tulijua njia ambazo zingewachukua.

Mama Kyakimwa nami tungependa kumshika mkono. Hatukuweza. Mkono wetu ulikuwa mkono wa kituo. Kumshika kungekuwa kumvisha kitenge kilekile kwa njia nyingine. Nawaombeni mliweke moyoni hilo: kuna wakati ambapo msaada mkubwa wa mfanyakazi wa msaada ni kusimama mbali na mtu anayemheshimu. Ni kazi ngumu, na hakuna ripoti inayoipokea.

Karibu na msikiti wa Beni aliishi msafirishaji mmoja aliyeitwa na kila mtu Hadji, ingawa Makka alikuwa hajawahi kuiona. Alikuwa na lori moja lililotembea kati ya Beni na Butembo, na jingine lililokufa uani, limeota majani hadi kwenye usukani. Alisifika kwa ubahili. Ilisemwa kwamba hata mpwa wake alilipa nauli, tena ya mbele. Kwa mtu huyo ndiko Masika alikoamua kwenda, parafujo ingali mgongoni. Nilimsindikiza hadi mlangoni.

"Dada, bakia inje," aliniambia. "Uko na harufu ya projet."

Nikabaki nje. Ua ulikuwa wa matete, kwa hiyo niliona na kusikia kila kitu, na siombi radhi.

"Hadji, nimekuja kukodi ile camion yako imekufa."

"Hiyo?" Mzee alicheka hadi kofia ikasogea. "Dereva ni nani?"

"Sitaki itembee. Ninataka isimame. Nikate vyuma vya chini, fundi achomelee, nipate fasi ya kuweka hii." Akageuka kumwonyesha mgongo wake.

Hadji aliacha kucheka. Alizunguka nyuma yake, akafunua kitenge, akagusa meno ya chuma moja moja kama anayekagua gia ya gari lake.

"Weye ni Masika wa Mbau."

"Ni mimi."

"Nilikuwa ninanunua mafuta kwako. Bibi yangu alikuwa anasema: ya yule mama hapana kuruka mu kikaangio."

"Haina maji, njo maana."

"Projet walikupa chuma. Iko wapi?"

"Imerudi kwao. Walitaka nivae huruma."

Mzee alitazama lori lake lililokufa. Nilidhani anahesabu hasara.

"Mimi hapana kukupa kitu bure," alisema hatimaye. "Bure sina."

"Sikuomba bure."

"Njo maana tunasikilizana. Mafuta yako yote itapanda camion yangu, si ya mwengine. Na ikitoka na maji, hata kidogo, nitakuja kutoa chuma yangu mimi mwenyewe."

"Ikitoka na maji, nitakuletea mimi mwenyewe."

Fundi aliitwa saa ileile. Mihimili ya lori ilikatwa, ikachomelewa, ikasimamishwa uani kwa shangazi. Ilikuwa nzito na mbaya kutazama, na kiunzi chetu cha mradi kilikuwa mwanasesere mbele yake. Vijana walirudi, kama walivyoambiwa. Walichemsha, wakatwanga, wakasukuma mkono wa parafujo wawili wawili wakiimba, na mafuta yakashuka kabla ngazi hazijachacha. Nilikuwa nimeazima kifuniko cha Mama Kyakimwa. Nilidondosha, nikatega sikio. Kimya.

Juu ya Monsieur Kakule niseme hapa, nisije nikamwacha vibaya. Alikuja kuuona mtambo ule bila mpiga picha. Aliushika, akauliza chuma kimetoka wapi, akaambiwa. Tangu mwezi uliofuata kitenge cha buluu hakikulazimishwa tena, na kwenye mikutano alianza kuwauliza wanawake swali ambalo alipaswa kuwauliza tangu mwanzo: wanataka wajulikane kwa kitu gani? Kumwona mtu mzima akijifunza ni jambo la kuheshimiwa, nami nimemheshimu tangu wakati huo.

Lakini mtambo na lori havikutosha. Depo ya Butembo bado ilikuwa mbele. Lori lilivuka vizuizi, Masika amekaa juu ya bidoni zake kwa sababu hakumwamini mtu mwingine kukaa pale. Mama Kyakimwa nami tulilingoja upande wa pili wa barabara, tukijifanya kununua viazi. Katika baridi ya kwetu mafuta yalikuwa yameanza kuganda. Mzee Mbusa, mwenye depo, alitoka amevaa koti lake, na nyuma yake wafanyabiashara waliokuwa wakinywa chai.

"Hadji! Tangu lini unabeba bamama ba kanisa?"

"Mafuta hajabatizwa, Mzee. Onja."

Walionja. Walipasha bati. Walitazamana. Mmoja wao akasema kwa sauti ya kutosha kutufikia kwamba mama huyu anatoka kwa wakimbizi wa Beni, wale wa buluu. Mzee Mbusa akafuta vidole vyake.

"Mafuta ni muzuri. Lakini mimi simujui. Nani anamushika mukono?"

Mama Kyakimwa aliacha kuchagua viazi. Masika alisimama wima katikati ya bidoni zake, hakumtazama mtu. Sote tulijua kwamba msafirishaji mwenye lori moja anaishi kwa mizigo ya Butembo. Jina lake likipungua katika depo ile, lori lake litarudi Beni tupu, na halitakuwa na sababu ya kuja tena.

Yule mzee bahili aliyemlipisha mpwa wake nauli aliinyoosha kofia yake. Akavuka uwanja, akaushika mkono wa Masika uliojaa mafuta, akauinua mahali ambapo kila mtu angeuona. Kisha, kama desturi inavyotaka, akasema kwa sauti kubwa jina ambalo miaka yote hiyo hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amemuuliza:

"Asumani Ramazani."